Mifupa ya Shingo ya Twiga

"Simama!"

Pikipiki haikusimama.

Asma aliinama juu ya usukani wa TVS yake, akauma meno, akaongeza mwendo. Barabara ya Wamaza, kama una moyo mwema wa kuiita barabara, ilikuwa uji wa udongo mwekundu wenye mashimo makubwa kiasi kwamba mbuzi akitumbukia anaweza kuanzisha ukoo humo. Mita hamsini mbele, pikipiki moja nyekundu aina ya Haojue iliyumba kama mlevi. Dereva amevaa koti la mvua la kijani na kofia ngumu. Nyuma yake kikapu kikubwa, kimefunikwa kitenge, kimefungwa kwa mpira.

Kazi ya miezi minne ilikuwa ndani ya kikapu kile.

Redio ya Motorola ikakohoa chini ya kitambaa cha kichwa.

"Sindano, Sindano. Hapa Mzizi. Iko wapi?"

"Mbele yangu."

"Utaipata?"

"Niache niendeshe."

Mbele kulikuwa na kijito, na juu ya kijito magogo mawili ambayo wenyeji huyaita daraja kwa sababu hawapendi kukata tamaa. Haojue ikapunguza mwendo. Dereva alikuwa mtu mwangalifu. Asma hakuwa. Alikata kushoto, akaingia majini mpaka magoti, TVS ikapiga chafya, ikapanda ukingo wa pili kwa hasira, na dereva alipomaliza kuvuka taratibu kama bwana harusi, alimkuta mbele yake mwanamke aliyelowa, na mkononi mwa mwanamke huyo Makarov isiyo na mzaha.

"Shuka. Mikono juu. Vua kofia."

Dereva akavua.

"Yaya Asma?"

Bastola ilishuka yenyewe.

Faradji. Mdogo wake, anayemwita yaya, dada mkubwa. Kitinda mimba wa mama yao, miaka ishirini na mbili, dereva wa pikipiki ya abiria Kasongo mjini, mtu ambaye huzimia akichomwa sindano ya chanjo.

"Yaya," alisema Faradji, macho kwenye bastola, "wewe si unauza photocopie?"

Swali zuri. Kwa mama yao, kwa majirani na kwa Kasongo nzima, Asma alikuwa na kioski karibu na soko: kunakili karatasi, kuchaji simu, picha za pasipoti ambazo kila mtu hutoka amekasirika. Ila ilikuwepo ofisi moja isiyo na kibao mlangoni, na huko jina lake lilikuwa Sindano. Kwa miezi minne Sindano alikuwa akimtafuta mtu anayemaliza kasuku wa kijivu katika misitu ya Kabambare. Mtu huyo hakuwa na sura. Alikuwa na namba za simu zinazobadilika, wategaji wenye ulimbo huko Lusangi, na kasuku mmoja aliyefugwa. Huyo hupandishwa juu ya mti, anaita, wenzake wanakuja kumwona, wananata kwenye ulimbo. Bila mwitaji huyo hakuna biashara. Wategaji waliohojiwa walisema jambo moja tu: mwitaji ni mali ya chef, mkubwa wao mwenyewe, analala kwa chef, huletwa na kurudishwa.

Na leo saa tisa ya mchana ndege ndogo kutoka nje ya nchi ingetua Kasongo kubeba mzigo wote.

"Nani alikupa hii kikapu?"

"Simu, yaya. Namba siijui. Wanasema, chukua kuku Lusangi, fikisha Kasongo, utaambiwa mahali."

"Kuku inafunikwa na kitenge ya wax, ya bei kali?"

"Nilifikiri ni kuku ya mutu wa maana!"

"Na kwa nini ulikimbia?"

"Mutu anapiga kelele 'simama' katikati ya pori, yaya, wewe ungesimama?"

Asma alifunua kitenge.

Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, alimtazama kwa jicho moja kama mwalimu anayesimamia mtihani wa taifa. Akajitikisa. Akafungua mdomo.

"Twiga!" alisema. "Shingo yake iko na mifupa ngapi?"

Faradji akaruka nyuma.

Kasuku hakusubiri. "Saba!" akajijibu. "Fungua, ama vaa sufuria!"

Asma alirudisha kitenge upesi.

Maneno yale, fungua ama vaa sufuria, yalisemwa kwenye meza moja tu duniani. Meza hiyo ilikuwa nyuma ya soko la Kasongo, kwa Mama Célestine, kila Jumamosi saa saba.

Na leo ilikuwa Jumamosi, na Asma alikuwa na kiti chake pale.

* * *

"Mzizi, sikia. Mwenye kasuku ni mutu wa meza yangu."

"Meza gani?"

"Ya maswali. Ya Jumamosi."

Huko Kasongo, Papa Octave, mkuu wake, bila shaka alikuwa akivua miwani na kuifuta, kama anavyofanya mtu akimletea habari za kijinga.

"Sindano. Ulikula kitu asubuhi?"

"Papa Octave, tunabadilishana maswali. Ya kufurahi tu. Kila mutu anatunga ya kwake na kuificha kama dhahabu, kwa sababu swali ikisikika nje mbele ya siku yake, mwenyewe anavaa sufuria kichwani. Hii swali ya twiga haijaulizwa bado. Mimi nisingeisahau. Kuna mutu alikuwa anaikariri nyumbani. Mbele ya kasuku."

"Wako wangapi?"

"Bila mimi, watatu."

"Nakamata wote watatu."

"Na katoni za kasuku ziko wapi? Ukikamata, nani atakuambia? Watanyamaza wote, kasuku watakufa ndani ya katoni, na kesho wote watatu wako nyumbani."

Papa Octave alipumua.

"Land Cruiser inakufikia nyuma yako. Mdogo wako anapanda. Saa tisa ile ndege inatua. Kama sina jina ingine saa hiyo, jina niko nayo ni Faradji, na anapelekwa jela ya Kindu leo hii kama chef wa hii kazi. Alipatikana na mwitaji mikononi. Mimi sikuweka pale."

"Ni mdogo wangu!"

"Ndiyo maana nakupa mpaka saa tisa. Mwingine ningemupa mpaka sasa."

Askari wawili walimpandisha Faradji garini. Hakulia. Aligeuka tu akasema, kwa sauti ndogo, "Yaya, usimwambie mama kwanza. Iko na presha."

Asma alifunga kikapu nyuma ya TVS yake.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Kasongo ilikuwa mbali, na matope hayakujua kama kuna haraka.

* * *

Alifika saa saba na robo. Nguo kavu, kitambaa kipya kichwani, kipaza sauti cha redio chini yake, kikiwa wazi. Kwenye mfuko wa shati, kalamu yenye kamera iliyoletwa na Ofisi kwa mbwembwe nyingi, ambayo betri yake ilikufa tangu Idi. Hiyo ndiyo teknolojia.

Kabla ya kuingia alisimama kwenye kivuli ambapo wenzake wa meza waliegesha pikipiki zao. Tatu. Akainama kwenye kila moja kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Alipoinuka mfuko wake ulikuwa mzito kidogo.

Kikapu alikiingiza kwa mlango wa jikoni.

"Mama Célestine, nisaidie. Hii ni kuku. Usifungue."

Mama Célestine, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alitazama kikapu, akamtazama Asma.

"Kuku inafunikwa na wax?"

"Kila mutu leo ananiuliza hiyo."

Meza ilikuwa palepale, chini ya bati, karibu na ukuta wa famasi. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Nyangwe aliyekaangwa mpaka akakasirika. Katikati ya meza, sufuria kuukuu yenye masikio mawili. Ile ile. Humo ndimo maswali hutiwa, na hiyo ndiyo huvaliwa kichwani.

"Umechelewa!" alisema Théophile, mwalimu wa biolojia, shati limepigwa pasi mpaka linakata. "Tulitaka kuanza bila wewe."

"Mashine ya photocopie ilikula karatasi."

"Hiyo mashine yako inakula kuliko Kamaldine."

Kamaldine, mwenye duka la vitenge na vipuri vya baiskeli, hakuinua kichwa. Alikuwa na kichwa cha samaki mdomoni na soda ya Vitalo mkononi. "Niache," alisema. "Mimi ninajenga mwili, wewe unajenga matusi."

Mathilde alicheka. Mathilde alicheka kila wakati, kichwa nyuma, mkono kwenye bega la jirani. Famasi ya pembeni ilikuwa yake. Alikuwa rafiki wa Asma wa miaka sita, na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, simu ya Asma ililia na sauti yake ikatoka: "Habari baadaye! Kwanza: kamba wa baharini, damu yake ni rangi gani?" Mji mzima ulimfahamu kwa jambo moja. Siku ya Pasaka alisimama kanisani katikati ya mahubiri, akamsahihisha padri kuhusu ukubwa wa koo la nyangumi. Padri hakuwa amemaliza sentensi.

"Asma wangu," alisema, akamvutia kiti. "Uko na matope kwenye sikio."

"Ya barabarani."

"Barabara gani? Kioski yako iko hapa nyuma."

Mguu wa Asma ulianza kucheza chini ya meza, peke yake, kama cherehani.

Sheria za meza zilikuwa hivi, na zilikuwa kali kuliko za serikali. Kila mtu analeta maswali mawili kwenye karatasi. Anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa mbovu, ili mwandiko usijulikane. Karatasi zinatiwa sufuriani, zinatikiswa. Unachota moja, unaisoma kwa wengine kama ya kwako. Ukichota ya kwako unairudisha. Wenzako wanajibu. Wakimaliza, Mama Célestine anapiga meza: mwenye swali afungue, yaani ajitaje na atoe jibu la kweli. Jibu linaandikwa kwenye daftari la Mama Célestine. Mwenye swali asipofungua, jibu la mwisho kusemwa ndilo linaandikwa, ndilo ukweli wa meza milele.

Kwa miaka sita hakuna aliyekosa kufungua.

Asma alitia karatasi zake mbili. Nane zote zikawa ndani.

Saa saba na nusu.

Théophile akachota. "Nchi gani, hapa duniani, bendera yake haina pembe nne?"

"Uswisi," alisema Kamaldine papo hapo.

"Uswisi ni mraba, papa!" Mathilde alikuwa ameshanyanyuka nusu. "Mraba haina pembe nne? Ulisoma wapi? Ni Nepali!"

"Mwenye swali! Fungua, ama vaa sufuria!" Mama Célestine alipiga meza.

"Yangu," alisema Asma. "Nepali."

Ikaja ya asali, kama inaoza. Ikaja ya sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. Mathilde akapata zote mbili, na katika ya pili akamweleza Théophile kwa nini, kwa kutumia chupa ya Vitalo na kichwa cha samaki cha Kamaldine, ambaye alilalamika. Walicheka. Asma alicheka nao. Kila karatasi ilipofunuliwa alinyoosha shingo, na kila mara haikuwa twiga.

Saa nane na dakika kumi.

Faradji alikuwa amekaa wapi sasa? Kwenye simenti? Walimpa maji?

"Asma, mguu yako inatikisa meza," alisema Théophile. "Unaumwa?"

"Nina haraka ya kukushinda."

Ndipo rezo ikarudi.

Kasongo mtandao wa simu ukipotea hupotea kwa wote, na ukirudi hurudi kwa wote. Simu zote nne zikalia pamoja kama vyura baada ya mvua. Kila mtu akainamia ya kwake. Ya Asma ilikuwa tangazo la wimbo wa mlio wa simu. Hakulisoma. Alikuwa akisoma nyuso.

Théophile alibadilika rangi. Kamaldine alisoma, akalaza simu kifudifudi mezani. Mathilde alisoma, akacheka kidogo, akaitia kifuani.

Mtu mmoja kati yao alikuwa ameambiwa kwamba kikapu kimekamatwa, pamoja na kasuku anayejua maswali yake.

"Mimi lazima niondoke," alisema Théophile, akisimama.

"Kaa."

Neno lilimtoka Asma kama risasi. Wote walimtazama.

"Kaa, prof," alisema tena, taratibu, akitabasamu. "Umeshachoka kupigwa?"

"Mama mkwe iko njiani! Anafika leo! Na mimi nilimwambia bibi nimeenda kusahihisha mitihani!"

Kamaldine alipaliwa na Vitalo. Théophile akakaa, jasho usoni. Pengine ni kweli. Pengine ni uongo mzuri sana.

Saa nane na nusu. Dakika thelathini.

Karatasi tano zilibaki. Kamaldine aliingiza mkono wenye mafuta ndani ya sufuria, akatoa moja, akaifungua, akaisogeza mbali na macho.

"Twiga," alisoma. "Shingo yake iko na mifupa ngapi?"

Mguu wa Asma ukasimama.

Kamaldine ameisoma, hakuirudisha. Basi si yake. Wamebaki wawili.

"Ile shingo ya mita mbili?" Théophile alijifuta jasho. "Hamsini. Si chini ya hamsini."

Huyo ndiye mwalimu wa biolojia wa watoto wa Kasongo, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wakimngoja Mathilde.

Mathilde alikuwa akichagua mifupa ya samaki kwenye sahani, mmoja mmoja.

"Mimi?" alisema. "Hii sijui. Sema... mia."

Asma alirudisha tonge lake kwenye sahani.

Kwa miaka sita Mathilde hakuwahi kusema sijui.

Lakini kutojua si kosa la jinai. Papa Octave, sikioni mwake, hangemwachia Faradji kwa sababu mfamasia amesema mia. Asma alinawa mkono, taratibu. Akakaa sawa.

"Nyote hamujui kitu," alisema. "Ni kumi na tisa."

"Kumi na tisa?" alisema Kamaldine.

"Kumi na tisa. Nilisoma. Sisi watu tuko na mbili tu, ndiyo maana shingo zetu ni fupi. Twiga ana kumi na tisa kwa sababu ni ukoo wa nyoka."

Jicho la kushoto la Mathilde likaruka.

"Nyoka?" alisema Théophile kwa shaka.

"Upande wa shingo. Upande wa miguu ni ukoo wa punda. Mutaalamu mumoja alieleza kwenye redio. Anasema hata panya, ukimpima, shingo yake iko na mifupa sita na nusu."

Uma wa Mathilde uligonga sahani. Tik, tik, tik.

"Sindano," ilinong'ona redio, "hiyo ni kweli?"

Asma hakujibu.

"Mwenye swali!" Mama Célestine alipiga meza. "Fungua, ama vaa sufuria!"

Kuku wa jirani alipita, akaona hali, akarudi.

"Mwenye swali! Mara ya pili!"

Théophile alimtazama Kamaldine. Kamaldine alimtazama Théophile. Mathilde alitazama ukuta wa famasi yake, na shingo yake, yenye mifupa ileile, ilikuwa imekaza kama waya.

"Ya tatu! Basi." Mama Célestine alivuta daftari, akalamba ncha ya kalamu. "Haijatokea hata siku moja, lakini sheria ni sheria. Naandika ya mwisho. Twiga... ni ukoo... wa nyoka..."

"Andika vizuri, mama," alisema Asma. "Watoto wetu watasoma."

"Shingo... mifupa... kumi na..."

"SABA!"

Mathilde alikuwa amesimama. Kiti chake kimelala. Kidole kilielekea daftari kana kwamba kinawaka moto.

"Saba! Ni saba! Twiga saba, mutu saba, panya saba, karibu yote inanyonyesha iko na saba! Ya twiga ni ndefu tu, moja inafika upana wa hii sahani! Nyoka? Nyoka! Asma, umerogwa? Futa hiyo, mama! Futa!"

Kalamu ya Mama Célestine ilibaki hewani.

"Ulijua," alisema Asma.

"Kila mutu mwenye akili anajua!"

"Kama swali si yako, ungesema saba pale mwanzo na kushinda. Unapenda kushinda kuliko kula. Lakini ulisema mia." Asma alikuwa akiongea polepole sasa. "Mutu anayejua jibu na anasema ya uongo ni mutu anayeogopa swali yake."

Rangi ilimtoka Mathilde, kisha ikarudi, na pamoja nayo kicheko. "Ni mchezo, Asma. Nimesahau kufungua. Niandikie kosa, nivae sufuria, tuendelee."

"Mama Célestine. Lete ile kuku."

Kikapu kikawekwa mezani, kati ya sombe na samaki. Asma akavuta kitenge.

Kasuku alipepesa macho kwenye mwanga. Mabawa yake yalikuwa yamekatwa, hangeweza kuruka. Alimtazama Théophile, akampuuza. Alimtazama Kamaldine, akampuuza zaidi. Kisha akamwona Mathilde.

Alishuka kutoka kikapuni kwa haraka, akatembea juu ya meza kwa mwendo wa mzee anayechelewa mazishi, akakanyaga bugali, akazunguka sufuria, akapanda mkono wa Mathilde mpaka begani. Akaegemeza kichwa shingoni mwake. Akafumba macho.

Na mkono wa Mathilde ukainuka.

Alijaribu kuuzuia, Asma aliona. Lakini mkono ulikuwa na mazoea ya siku nyingi. Ukapanda wenyewe, kidole kimoja kikaanza kumkuna kasuku nyuma ya kichwa, pale pale anapopenda.

"Mungu wangu," alinong'ona Théophile.

Mathilde alikimbia.

Alipita jikoni, akaangusha ndoo, akatoka nyuma, kasuku amemng'ang'ania begani akipiga kelele, "Twiga! Saba!" Waliokaa mezani waliisikia pikipiki yake ikipigwa teke. Mara moja. Mara tano. Ikakohoa tu.

Asma hakukimbia. Alimalizia Vitalo yake, akajifuta mdomo, akatoka akitembea. Alifika, akafungua kiganja. Humo kulikuwa na buji tatu, vile vipande vinavyotoa cheche kwenye injini, vyeusi kwa mafuta.

"Ya kwako ni hii ya katikati," alisema. "Mbili zingine ni za prof na Kamaldine. Uwaombe radhi kwa niaba yangu."

Mkono wa pili ulishika Makarov. Hakuiinua. Hakukuwa na haja.

"Katoni ziko wapi, Mathilde?"

Mathilde alikaa juu ya pikipiki isiyokwenda kama mtoto kwenye farasi wa mbao.

"Depo ya famasi yangu. Nyuma ya chupa za serumu," alisema mwishowe. "Uwape maji kwanza. Tangu jana hawajakunywa."

"Mzizi, umesikia?"

"Nimesikia. Tunaingia. Sindano... kumbe ni saba?"

"Ni saba."

Upande wa pili wa ukuta mlango wa depo ulivunjwa. Kisha ikaja sauti ambayo Kasongo haikuwahi kuisikia mchana katikati ya soko: kasuku mia moja na arobaini wakilalamika kwa pamoja.

Juu, ndege ndogo nyeupe ilizunguka mji mara moja. Chini uwanjani rubani aliona Land Cruiser mbili zikimngoja katikati ya njia. Akapandisha pua, akaondoka bila kuaga.

Saa tisa kamili.

"Faradji," alisema Asma. Alikuwa akimtazama Mathilde. "Ulijua ni mdogo wangu."

"Nilijua."

"Ulikula kwa mama yetu. Siku ya Idi."

"Ndiyo maana nilimuchagua." Mathilde hakumtazama. "Ni mutu wa amani. Hakuna askari anamsimamisha Faradji. Nilisema, huyu hatapata shida." Kidole chake kilikuwa bado kikimkuna kasuku. "Miaka mitano nilisoma, Asma. Nauza paracétamol moja moja. Nilisema, ndege ni ndege. Huyu tu ndiye... huyu nilimfundisha. Jioni hakuna mutu wa kumuuliza maswali."

"Ungenipigia mimi."

Mathilde alimrekebisha kasuku begani.

Papa Octave alifika na pingu, amevaa miwani yake safi. Nyuma yake Faradji, mikono huru, akitazama kila kitu kwa mdomo wazi. Askari alimshika Mathilde kiwiko ampeleke garini.

"Ngoja!"

Mama Célestine alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Mkononi, sufuria.

"Swali yake ilisikika nje mbele ya siku yake," alisema. "Sivyo? Ndege ilisema."

"Ilisema, mama," alisema Asma.

"Basi."

Papa Octave alifungua mdomo, akatafuta kifungu cha sheria kinachokataza, hakukipata.

Asma alidhani Mathilde angecheka, au angetema mate. Mathilde alifikiri kidogo. Kisha akamshusha kasuku, akampa Asma, akainamisha kichwa.

"Ni sawa," alisema. "Ndiyo sheria."

Mama Célestine akamvika, masikio ya sufuria sawa na masikio ya mtu. Hivyo ndivyo chef wa Kabambare nzima alivyopanda Land Cruiser mbele ya soko la Kasongo, pingu mikononi, sufuria kichwani, mgongo umenyooka. Kabla mlango haujafungwa aligeuka.

"Asma. Futa ile ya nyoka kwenye daftari."

"Imeshafutwa."

Gari likaondoka. Vumbi likashuka. Théophile alikumbuka mama mkwe wake, akapiga yowe, akaomba buji yake.

"Yaya," alisema Faradji, akikimbia kidogo ili amfikie, maana Asma alikuwa ameshaanza kuondoka, kikapu begani, kasuku ndani. "Yaya, niambie. Kazi yako hasa ni gani?"

"Photocopie."

"Na ile bastola?"

"Ni ya wateja wasiolipa. Nenda kwa mama, mwambie ninakuja kula. Usimwambie kingine."

Faradji akasimama. Asma hakugeuka. Alivuka soko katikati ya wauza mihogo, matope bado sikioni, na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Chini ya kitenge kasuku alijitikisa.

"Twiga!" alisema.

Asma aliendelea kutembea. Alipofika kona ya kioski chake, alitazama simu. Asubuhi ya kesho isingelia.

"Saba," alimjibu kasuku, akafungua kufuli, akawasha mashine, akawageukia wateja.

"Nani wa kwanza?"